Firigisi ya kuku wa maabara: jinsi mama mkwe wa Kihesa alivyonipokea

Wakuu, shikamooni mnaostahili. Wengine mambo vipi.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Leo mke wangu kasema nikiufuta tena atauandika yeye, na najua atanichafua. Kwa hiyo nauleta mwenyewe. Ni kweli tupu, majina tu ndiyo nimebadilisha, na kazini kwangu sitapataja kwa sababu bosi wangu naye yumo humu jukwaani, anasoma bila kucomment.

Vuteni stuli, ni mrefu kidogo.

Mimi ni Msukuma wa Usangu. Wazazi wangu walihama na mifugo kutoka kanda ya ziwa kabla sijazaliwa, kwa hiyo mimi ni mtoto wa vumbi la Mbarali, huko huko Usangu. Nikasoma, nikawa mtu wa maabara upande wa mifugo. Sasa hivi nafanya kazi Mbeya mjini, naishi mtaa wa Soweto.

Mke wangu, Faraja, ni Mhehe wa Kihesa, Iringa. Kwao ni Walutheri wa kweli kweli, nyumba ambayo Jumapili hata paka anajua leo kuna ibada.

Mahari ilikwenda vizuri. Tatizo lilikuwa ng'ombe.

Baba yangu alisema lazima atoe ng'ombe wa mama, yaani wa kumshukuru mama mkwe kwa malezi. Akachagua ng'ombe wa maziwa aliyempenda kuliko wote zizini. Sisemi kwa kujisifu. Yule ng'ombe alikuwa anaimbiwa. Baba akiwa na mawazo alikuwa anakwenda kusimama karibu yake, wanaangaliana tu. Siku lori linamchukua kwenda Iringa, mzee aliingia ndani hakutoka.

Ng'ombe akafika Kihesa, majirani wakaja kumwona, mama mkwe akafurahi.

Miezi ikapita. Ng'ombe akaanza kukohoa. Akakonda. Maziwa yakakata. Mwisho wakaamua kumpeleka machinjioni angalau ipatikane nyama, na mkaguzi wa nyama alipomfungua akasimamisha kila kitu. Kifua kikuu cha ng'ombe. Mzoga wote ukafukiwa.

Halafu nyumba nzima ikaitwa hospitali kupimwa, kwa sababu walikuwa wanakunywa maziwa yake. Mungu mkubwa, walikuwa wanayachemsha, na hakuna aliyekutwa na ugonjwa. Lakini wakuu, hebu fikirieni mama mtu mzima, mwanakwaya, amekaa kwenye foleni na wajukuu zake anasubiri kupimwa kifua, na mtaa wote unajua kilichomleta pale ni ng'ombe wa wakwe.

Hakunitukana. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Alichofanya ni hiki. Nikienda Kihesa ananisalimia vizuri, "Kamwene," naitikia "Kamwene, mama," ananikaribisha, na chakula kinakuja. Maharage. Nikienda tena, maharage. Krismasi, kuku wanapita mlangoni wananiangalia, mimi nakula maharage na mboga za majani.

Wenye mila zetu mnaelewa. Mkwe akija anachinjiwa kuku, na firigisi inawekwa kwenye sahani yake. Kama hujachinjiwa, wewe bado ni mtu aliyekuja na binti yao tu. Faraja alikuwa anaumia kuliko mimi. Mimi nilikuwa natania, namwambia maharage yana protini. Lakini tukiwa kwenye basi la kurudi Mbeya nilikuwa naangalia dirishani tangu Mafinga mpaka Makambako.

Sasa ngoja niwaeleze kazi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa.

Baada ya yule ng'ombe niliingia kwenye mradi wa kipimo cha kifua kikuu cha mifugo. Siwezi kusema ni bahati. Niliomba mwenyewe.

Iko hivi. Ng'ombe akishaambukizwa, seli zake za kinga zinamkumbuka yule kijidudu. Ukichukua damu yake ukaichanganya na vipande vya kijidudu, zile seli zinapiga kelele kuitana. Kelele yenyewe ni protini, inaitwa interferoni gama. Ng'ombe anaweza kuwa mzima machoni, hajakohoa hata mara moja, lakini damu yake inapiga kelele. Kazi yetu ni kuisikia mapema.

Ili uisikie unahitaji kitu cha kuikamata, na hicho ni kingamwili inayoitambua protini hiyo tu. Kuna kit za kununua nje. Ni ghali, zinachelewa, na tulishawahi kupokea boksi ambalo barafu yake iliisha siku nyingi, ndani kuna uvuguvugu kama chai ya mgonjwa.

Bosi wangu, nimwite Dokta Tusekile, mama wa Kinyakyusa asiyependa kuombaomba, akasema kingamwili tutatengeneza wenyewe. Kwa kuku.

Ndiyo, kuku. Kuku na ng'ombe ni watu baki kabisa. Ukimdunga kuku ile protini ya ng'ombe, mwili wake unaishangaa, unatengeneza kingamwili nyingi, halafu anazipakia kwenye kiini cha yai ili kifaranga azaliwe na ulinzi. Sisi tunafika kabla ya kifaranga. Tunatenga kiini, tunaondoa mafuta, tunabaki na kingamwili. Kuku anaendelea na maisha yake.

Tukaanza vizuri Mbeya, kisha mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku, ukapita mtaani. Pamoja na chanjo, banda letu lilibaki manyoya. Dokta akasema tutafute banda la mbali, safi, ambalo halina kuku wengine jirani.

Faraja akasema, "Mama ana lile banda la ukuta. Tangu aache kufuga wa mayai liko tupu, na wale wake wa kienyeji alishawauza."

Nikamwambia mke wangu, unataka niuawe.

Alipiga simu mwenyewe. Mama akauliza maswali mengi, mwisho akauliza wanadungwa nini. Faraja akasema protini ya ng'ombe. Halafu nikasikia, "Ng'ombe tena?"

Faraja akamwambia ndiyo, mama, ng'ombe tena.

"Haya, waleteni. Kuku hawana kosa."

Kibali kikatoka, wakaguzi wakaja wakalisifia banda, kuku wakahamia Kihesa. Kila mmoja na pete yake ya rangi mguuni. Mayai hayaliwi wala hayauzwi, yanakuja Mbeya. Mimi ndiye wa kuyafuata.

Aside kidogo: kubeba trei za mayai mapajani kutoka Iringa hadi Mbeya ni mtihani. Kila abiria anakuuliza bei. Konda mmoja alinuna kabisa nilipokataa kumuuzia, akasema watu wa Mbeya tuna roho mbaya.

Mama hakujali rangi za pete. Aliwapa majina yake. Kulikuwa na mmoja mweusi, ana manyoya meupe shingoni kama kola ya mchungaji. Akamwita Mchungaji. Jike, lakini Mchungaji. Alikuwa anatembea taratibu mbele ya wenzake, mama anasema, "Angalia, anahesabu waumini."

Huyo Mchungaji, pete ya bluu, ndiye aliyekuwa moto wa maabara. Wenzake walitoa kingamwili za kubabaisha. Wake, ukiziweka kwenye plate, kile kisahani cha vipimo, zilikamata interferoni hata ikiwa chembe. Rangi ya njano inatokea mpaka Dokta Tusekile anachungulia mara mbili. Mradi mzima ulikuwa umesimama juu ya miguu ya kuku mmoja.

Na kwa sababu ya wale kuku, mimi na mama tukaanza kuongea. Mwanzoni ni habari za kuku tu, yupi hakula, yupi kataga nje. Baadaye ananiuliza safari. Baadaye ananiwekea maji ya moto ya kunawa, maana Iringa ile baridi ya asubuhi hainaga huruma. Maharage yaliendelea, lakini yalianza kuwekewa nazi. Nikamwambia Faraja, naona mwanga.

Siku moja tuko bandani, mama akaniuliza, "Hivi baba, hawa kuku mwisho wao ni nini hasa?"

Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Kwamba ng'ombe anapimwa akiwa bado mzima machoni, anajulikana kabla hajakohoa.

Akaendelea kufagia. Kisha akasema, hajaniangalia, "Kwa hiyo yule wangu..."

"Tungemjua mapema, mama. Asingefika hapa."

"Ninyi hamkujua?"

"Hatukujua, mama. Baba alimtoa yule kwa sababu ndiye aliyempenda."

Akafagia mpaka mahali palipokuwa safi tayari. Nikiwa naondoka nikamwambia awamu ya sindano imeisha, kuku wapumzike, wote wanaendelea vizuri.

Hiyo sentensi, wakuu. Ikumbukeni.

Safari iliyofuata nilikwenda na Faraja. Tunafungua geti tu, nikasikia harufu. Kila mwanamume aliyeoa anaijua harufu ile. Kuku, tangawizi, vitunguu vimekaangwa vikakubali.

Faraja akanibana mkono. Tumesimama uani kama watoto.

Mama akatoka na kitenge kipya. Akaninawisha mikono yeye mwenyewe, akainama na beseni, mimi nataka kumzuia anakataa. Mezani kuna ugali, kuna wali, kuna bakuli kubwa limefunikwa. Akasali. Sala ndefu, nimo ndani kwa jina langu.

Kisha akafunua bakuli, akachukua kijiko, akatafuta, akaniwekea kwenye sahani.

Firigisi.

Nikainua macho nisije nikalia mbele za watu, macho yakatua dirishani.

Juu ya ubao wa dirisha kulikuwa na pete. Imeoshwa ikang'aa, imewekwa juu ya kitambaa kisafi. Ya bluu.

Mama akaona naangalia. "Hiyo nimekutunzia, ni mali ya ofisi. Ulisema sindano zimeisha, nikajua kazi yao imekwisha." Akatabasamu. "Nilitaka kumchukua yule mwekundu, roho ikakataa. Mkwe hapewi kuku wa ovyo. Anapewa yule ambaye ukimshika mikono inatetemeka. Nimemlilia Mchungaji, nisikufiche. Kula, mwanangu."

Mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo.

Faraja alijua pete ya bluu ni nani. Akaniangalia, akaweka kijiko chini. Chini ya meza nikamgusa mguu, kwamba nyamaza.

Wakuu, nikala. Nikala firigisi ya kuku aliyebeba mradi mzima, nikamwomba mama aniongezee mchuzi, akaniongezea. Machozi yalikuwa yananitoka kweli, mama akadhani pilipili, akanisogezea maji. Na kwa watakaouliza usalama: ile protini ipo kwenye kila mshikaki wa ng'ombe mnaokula, na sindano zilikuwa za muda mrefu nyuma. Hata hivyo msiige.

Nilikuwa na furaha kuliko siku ya harusi, na hofu kubwa ya Dokta Tusekile. Vyote kwa pamoja, sahani moja.

Kurudi Mbeya nikaingia ofisini kwake, nikaweka pete mezani. Akaiangalia.

"Kafa?"

"Kachinjwa, Dokta."

"Nani kamchinja?"

"Mama mkwe. Kanichinjia mimi."

Anaijua hadithi ya maharage, ofisi nzima inaijua. Akavua miwani, akaifuta taratibu kiasi kwamba nikaanza kufikiria CV yangu iko wapi.

"Alikupa firigisi?"

"Alinipa."

"Ukala?"

"Nikala."

"Basi. Ungeikataa, ningekufukuza mimi." Kisha akacheka mpaka akashika meza. Alipomaliza kucheka akasema jambo la maana, kwamba ujinga ulikuwa wetu, kujenga kipimo juu ya kuku mmoja kana kwamba hatakufa.

Tulikuwa tumebakiwa na kingamwili kidogo za Mchungaji kwenye friza. Tukazifanya kipimo cha kulinganishia tu. Kwa kuku waliobaki tukaanza upya: sindano za kukumbushia, na safari hii tukajifunza kuchuja. Unapitisha kingamwili kwenye bomba lenye ile protini ya ng'ombe, zinazoitambua zinanasa, nyingine zinapita zake. Kazi ya kuchosha. Tuliharibu sana kabla ya kupatia.

Sasa sindano za kukumbushia zilimaanisha nirudi Kihesa na boksi.

Mama akaniona nalifungua. "Si ulisema zimeisha?"

"Zilikuwa zimeisha, mama. Tumeanza upya."

Mama yule hajasoma maabara lakini si mtoto. Akaangalia kuku. Akaangalia mahali Mchungaji alipokuwa anapenda kusimama. Akakaa kwenye kizingiti cha banda.

"Alikuwa ndiye."

Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo.

"Nimekuharibia kazi. Na wewe ukakaa mezani ukala, ukaniomba mchuzi! Kwa nini hukusema?"

Wakuu, nilichuchumaa pale mbele yake na sindano mkononi, nikamwambia ukweli. "Mama, kuku wengine watapatikana. Mimi ile firigisi nimeisubiri tangu nimemuoa Faraja. Ningeanzaje kukwambia umekosea?"

Akajifunika uso na kitenge. Nilidhani analia, na alikuwa analia, lakini katikati akaanza kucheka, halafu akanipiga begani na ncha ya kitenge kama anavyowapiga wajukuu.

Akatulia. Akasema polepole, "Kumbe mtu anaweza kutoa kile kizuri kuliko vyote alivyonavyo, na bado akaharibu."

Akafuta macho na kitenge.

"Baba yako anaendeleaje?"

Tangu ng'ombe afukiwe, hakuwahi kumuulizia.

"Yupo, mama. Anaona aibu kuja."

"Mwambie aje."

Kuku wakatii. Mayai yakaja, tukachuja, plate ikatoa njano. Si kali kama ya Mchungaji, lakini haikutegemea mtu mmoja tena, na ilirudiwa ikatoka vile vile. Tukaanza majaribio ya mifugo, zizi la baba likiwa mojawapo, kwa ombi lake.

Damu ya kipimo hiki haitaki barafu. Seli zikipata baridi zinanyamaza, na zikinyamaza utadhani ng'ombe ni mzima. Tulizileta Mbeya tumezivingirisha kwenye masweta, mzee mwenyewe ameshika boksi kifuani, hataki kulishusha hata pale Igawa tulipokula.

Baadhi ya ng'ombe wake damu zilipiga kelele. Wakatengwa. Mzee aliumia, lakini alisema bora kujua. Mtamba mmoja mwekundu alikuwa kimya kabisa kwenye kipimo chetu, na daktari wa mifugo akampima kwa ile njia ya kawaida ya ngozi, maana chetu bado ni cha utafiti. Safi pande zote mbili.

Huyo ndiye aliyepanda lori kwenda Kihesa, na baba yangu akapanda naye.

Mama alimpokea getini. "Kamwene."

"Mwangaluka," baba akajibu kwa Kisukuma, kiwewe kimemshika, akajirekebisha, "Kamwene, mama."

Mama akamzunguka mtamba, akampapasa shingo. "Huyu kapimwa?"

"Kapimwa," nikasema mimi.

"Kwa kuku wangu?"

"Kwa kuku wako, mama."

Baba alitaka kuomba msamaha, alikuwa ameiandaa hotuba njia nzima. Akafika "Mama, yule wa kwanza..." akashikilia geti. Mama akamshika mkono akamwingiza ndani. "Yamekwisha. Hata mimi nilimchinja Mchungaji." Baba hakuelewa kitu, akadhani amesikia vibaya, akaniangalia kwa hofu kubwa sana.

Kuku aliyechinjwa siku hiyo alinunuliwa sokoni. Tangu ile ajali, mama hamgusi wa bandani kabla hajanipigia simu.

Akafunua bakuli. Akatafuta na kijiko. Firigisi ikaenda kwa baba. Paja likaenda kwa baba. Nikasogeza sahani yangu, nikawekewa shingo.

Faraja akacheka. "Mama! Mkwe wako unampa shingo?"

Mama hata hakugeuka, anamimina mchuzi. "Mkwe yuko wapi hapa? Mgeni ni mzee. Huyu ni wa nyumbani, atakula kilichopo."

Nimekula vingi katika maisha haya, wakuu. Ile shingo niliitafuna mpaka mifupa ikaisha ladha, na sikutaka iishe.

Nilichojifunza, kwa upande wa kazi: usitundike mradi wako kwenye kuku mmoja, na usimwambie mtu "imeisha" kabla hujamweleza kilichobaki. Kwa upande wa moyo: mtu aliyekuumiza, muulize kwanza alikuwa anakupa nini.

Pete ya bluu ninayo, iko kwenye funguo zangu.

Haya, mliooa na mlioolewa, karibuni mdondoshe comment. Ukweni kwenu mnawekewa kipande gani? Na wenzangu wa maharage msione aibu, hata mimi nilianzia hapo.